Bati la Zinki, Moto na Dhima ya Fundi

Bati la zinki ni bamba la chuma lililochovywa katika zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki huungana na chuma na kufanya matabaka: chini aloi ya zinki na chuma, juu zinki tupu inayong'aa. Kazi ya matabaka hayo ni kuliwa na hewa na mvua ili chuma kisiliwe. Bati la namna hiyo limeezeka nyumba zisizohesabika Afrika Mashariki, na vipande vyake, vipya kwa vikuukuu, hufika mikononi mwa mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, vikatoka vikiwa masanduku, ndoo, mabomba ya moshi na majiko ya mkaa. Vingine vitakaa juani, vingine vitakaa motoni. Vingi hupakwa rangi kabla ya kuuzwa, maana mnunuzi hununua kwa jicho.

Hapo ndipo linapozuka swali la dhima. Fundi anayepaka rangi bati litakalokutana na moto anadaiwa nini na mtu atakayelitumia, ambaye hataona kilicho chini ya rangi na pengine hatajua hata kuuliza? Je, rangi hiyo ni pambo, ni kinga, au ni uongo usiotamkwa? Wanazuoni wa Kiislamu, manabii wa Biblia na wanafalsafa wa Ulaya wamelizungumza jambo hili, kila mmoja kwa mifano ya zama zake. Lakini halijibiki kabla ya kujua zinki hufanya nini ikipata joto. Katika ufundi, nia njema isiyo na maarifa ya kitu chenyewe haimfikishi mtu mbali.

Joto la jua si tatizo. Paa la bati saa saba mchana huweza kufikia nyuzi 60 au 70, na zinki haidhuriki. Tatizo huanza karibu na nyuzi 200. Bati likikaa muda mrefu katika joto linalozidi hapo, zinki ya tabaka la juu huhamia upande wa aloi haraka kuliko chuma kinavyokuja upande wa pili, vitundu visivyoonekana kwa macho huachwa mpakani, na mwishowe tabaka la juu hubanduka kama maganda. Kwenye nyuzi 419 hivi zinki huyeyuka. Kwenye 907 huchemka, ingawa huanza kutoa mvuke mapema kabla ya hapo. Mvuke huo ukikutana na hewa huwa moshi mweupe wa oksidi ya zinki, na aliyeuvuta kwa wingi hupatwa na homa saa kadhaa baadaye: baridi, kutetemeka, kiu, ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, mwili kuuma. Kwa kawaida homa hiyo hupita katika siku moja au mbili. Makaa yanayowaka vizuri hupita kwa mbali kiwango cha kuyeyuka kwa zinki, kwa hiyo bati linaloguswa na makaa liko hatarini tangu mara ya kwanza jiko linapowashwa.

Rangi nayo ina mambo yake. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hugeuka taratibu kuwa aina ya sabuni, kwa sababu asidi za mafuta yaliyomo huungana na zinki palipo na unyevu. Rangi hupoteza mshiko na kubanduka vipande vipande. Zinki mpya pia ni laini mno, na mara nyingi huwa imepakwa mafuta au dawa ya kiwandani. Anayetaka rangi ishike huliosha bati kwa sabuni kali au kwa amonia iliyotiwa maji mengi, hulisuuza, hulipitishia msasa kwa wepesi bila kuimaliza zinki, hupaka rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki, kisha ndipo hupaka rangi ya juu. Au huliacha bati nje mwaka mzima na zaidi, mpaka zinki ijitengenezee ngozi ya kijivu ya kaboneti, kisha hulisafisha na kulipaka. Kwa paa, geti au tangi la maji, hayo yanatosha.

Moto ni habari nyingine. Rangi nyingi za kawaida huharibika muda si mrefu baada ya nyuzi 100. Zipo rangi za silikoni zenye unga wa alumini zinazovumilia nyuzi 500 au 600, nazo huuzwa kwa ajili ya mabomba ya moshi na sehemu za injini. Hapa ndipo kosa kubwa huzaliwa. Fundi huona namba 600 juu ya kopo, akadhani kwamba kitu alichokipaka nacho sasa kinavumilia 600. Namba hiyo inazungumzia rangi peke yake. Rangi haipozi bati. Joto hupenya hadi kwenye zinki, na zinki ina mpaka wake wa nyuzi 200. Ikibanduka, huondoka pamoja na rangi iliyoishikilia. Hakuna rangi ya kopo inayoweza kulifanya bati la zinki lifae kukaa motoni. Kwa hiyo fundi anaweza kufuata kila hatua ya upakaji bila kuruka hata moja, akawa bado amefanya kazi ambayo haikupasa kufanywa.

Juu ya hayo yote, mabati chakavu huja na rangi zake za zamani. Rangi kuukuu huweza kuwa na risasi, na zile za msingi za manjano huweza kuwa na krometi ya zinki, ambayo husababisha saratani. Kwa rangi mpya, kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika milioni. Homa ya zinki humwonya mtu kwa kumlaza kitandani. Risasi haina onyo la namna hiyo. Huingia polepole kwa vumbi na moshi, na wa kwanza kudhurika ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua. Pipa lililopakwa rangi miaka mingi iliyopita na kukatwa leo kuwa jiko ni kitu ambacho hakuna anayejua historia yake, na kinawekwa mahali mtoto anapokaa kuota moto.

Sasa swali la dhima linaweza kuulizwa vizuri. Wanafiqhi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, walianza na mnyama wa maziwa. Muuzaji humwacha bila kumkamua siku kadhaa ili kiwele kijae, na mnunuzi adhani ndivyo kinavyokuwa kila siku. Ulimi wa muuzaji haukutamka uongo wowote, lakini Hadithi zimekataza kitendo hicho na kumpa mnunuzi haki ya kumrudisha mnyama. Imamu Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj, ambacho kimesomeshwa kwa vizazi katika darsa za pwani, aliongeza mifano mingine: maji ya mfereji au ya kinu yaliyozuiliwa kisha yakaachiwa wakati wa kuuza, na mtumwa aliyepakwa wekundu mashavuni au kutiwa weusi nywele. Inaumiza kusoma mfano uliotoka katika zama ambazo binadamu aliuzwa sokoni. Kanuni iliyomo, hata hivyo, inagusa karakana ya leo moja kwa moja: mkono unaopaka rangi unaweza kudanganya sawasawa na ulimi.

Nawawi hakuishia hapo. Alitaja pia mtumwa ambaye nguo zake zimepakwa wino ili adhaniwe kuwa anajua kuandika, na akaona kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba mnunuzi hapati haki ya kurudisha. Wino nguoni ni dalili hafifu, na aliyetaka kujua angempa kalamu akamwona. Mstari unaochorwa hapa ni wa thamani kubwa. Muuzaji hawajibiki kwa kila dhana inayopita kichwani mwa mnunuzi. Anawajibika pale anapotengeneza sura ambayo mtu wa kawaida hana njia ya kuipima. Bati lililopakwa rangi liko upande upi? Fundi aweza kujitetea kwamba mnunuzi alikuwa na mdomo wa kuuliza. Utetezi huo haushiki. Hakuna anayeweza kuwasha jiko dukani akakaa mwezi mzima kuona kama ngozi yake itabanduka, na mnunuzi asiyejua kwamba zinki ipo hawezi kuuliza habari za zinki. Rangi hapa iko karibu na kiwele kilichojazwa kuliko wino uliomwagwa nguoni.

Lakini ipo hoja nzito zaidi, na ndiyo inayostahili kukaa katikati ya suala hili. Bati la zinki si kitu kibovu. Juu ya paa ni zuri na limekamilika. Ubaya wake hutokea linapopelekwa kwenye kazi isiyo yake. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya, amesimulia habari za Sahaba Wathila bin Asqaa. Mtu mmoja aliuza ngamia mbele yake. Wathila akili zake zilikuwa mahali pengine, na alipozinduka mnunuzi alikuwa ameshaondoka na mnyama wake. Akamkimbilia akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa ajili ya nyama au ya kupanda. Mnunuzi akasema ni wa kupanda. Hapo Wathila akamweleza kwamba ngamia ana tundu kwenye wayo na hataweza safari mfululizo. Mnunuzi akarudi, muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100, na akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara.

Swali la Wathila ndilo linalopaswa kuulizwa katika kila karakana. Kama mnyama angekuwa wa kuchinjwa, tundu la wayo lisingekuwa na maana yoyote. Ila iko kati ya kitu na matumizi yake, na kwa hiyo anayeuza hawezi kujua kama kitu chake kina ila mpaka ajue kinakwenda kufanya nini. Fundi wa bati anayepokea oda ya bomba bila kuuliza kama litapitisha maji ya mvua au moshi wa jiko, hata akilipaka kwa ustadi, amekwisha kukosea. Kisa hiki kina jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi kulitekeleza: Wathila hakuwa muuzaji. Alikuwa mpita njia mwenye maarifa. Maarifa yenyewe yalimtia wajibuni, na gharama yake ilikuwa kuchukiwa na mfanyabiashara. Fundi wa kibanda cha jirani anayeona bati la zinki likikunjwa kuwa jiko la mkaa yuko mahali pale pale.

Biblia inafika hapo kwa njia nyingine. Kumbukumbu la Torati inamwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Hatari ambayo bado haijatokea inahesabiwa tayari kuwa deni la mjenzi. Mambo ya Walawi yanakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani, na walimu wa Kiyahudi wa kale walilipanua katazo hilo limhusu kila aliye kipofu katika jambo fulani, yaani asiyejua anachojua mwenzake. Mnunuzi wa jiko ni kipofu wa namna hiyo. Naye Ezekieli, katika sura ya 13, aliwashutumu manabii wa uongo kwa mfano wa ukuta dhaifu ambao watu waliupaka chokaa. Mvua ya dhoruba na mawe ya barafu vingeuangusha na kuufunua msingi wake. Kinachovutia katika shutuma hiyo ni kwamba hasira haimwendei aliyejenga ukuta peke yake. Wapakaji wa chokaa wanatajwa kwa namna yao, kwa kuwa wao ndio waliowafanya watu waamini kwamba wako salama.

Je, kutojua kunamwokoa fundi? Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, alikumbusha kwamba sheria huwaadhibu hata wasiojua, ikiwa kutojua kwao kumetokana na uzembe katika jambo walilopaswa kulijua. William Kingdon Clifford, mwanahisabati Mwingereza, alilifikisha jambo hili mbali zaidi katika insha yake ya mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini. Alisimulia juu ya mwenye meli kuukuu aliyekuwa na shaka nayo, akazizima shaka zake mwenyewe kwa kujikumbusha safari ilizowahi kumaliza salama, akaipakia wahamiaji, nayo ikazama. Clifford alishikilia kwamba mtu huyo ana hatia kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini, na kwamba hatia yake isingepungua hata kama meli ingefika. Hukumu hiyo ni kali, nayo ni ya haki. Fundi anayesema majiko yake ya zinki hayajawahi kumdhuru mtu anazungumza lugha ya mwenye meli. Wateja wake hawarudi kumwambia walikohoa usiku gani.

Kwa fundi wa kuchomelea, kutojua ni utetezi dhaifu hata zaidi, maana mwili wake mwenyewe umeshamwambia. Wengi waliochomelea mabati wanaijua homa ile, na wapo wanaokunywa maziwa wakitumaini yatawakinga. Maziwa hayazuii moshi kuingia mapafuni. Kinachozuia ni hewa ya kutosha, kifaa sahihi cha kupumulia, na kuiondoa zinki mahali pa kuchomelea kabla ya kazi. Mwili, tena, huzoea: anayevuta moshi huo kila siku hukoma kuugua katikati ya wiki, kisha huugua upya anaporejea kazini baada ya mapumziko. Ukimya wa mwili wa fundi aliyezoea haumhusu mama anayewasha jiko jipya ndani ya chumba kisicho na dirisha. Huyo hajazoea chochote.

Sheria ya Kiislamu imetofautisha dhambi na dhamana, na tofauti hiyo inasaidia sana hapa. Asiyejua kwa kweli aweza kusamehewa dhambi, lakini aliyeharibu hulipa. Hadithi moja inamwajibisha anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa tabibu. Juu ya mafundi, imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwatoza dhamana ya mali walizokabidhiwa, akiona kwamba mambo ya watu hayatengemai bila hilo. Imamu Shafi mwenyewe, kwa mapokezi ya mwanafunzi wake Rabi', aliamini kwamba fundi ambaye hakuvuka mpaka hana dhamana, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuchelea mafundi wabaya. Haya ni maneno ya mwanazuoni aliyelijua soko. Aliona kwamba kanuni iliyo sahihi kwa fundi mwaminifu inaweza kuwa maficho ya asiye mwaminifu.

Umaskini nao lazima upimwe kwa haki. Bamba la chuma jipya ni ghali. Bati chakavu ni rahisi, na familia inayonunua jiko la bei nafuu haina mahali pengine pa kwenda. Si haki kumtwisha mzigo wote mtu anayekunja bati juani kutwa nzima ili watoto wale, ilhali muuza rangi, kiwanda na mamlaka za viwango vina maarifa mengi kuliko yeye. Ghazali alihesabu ufundi ambao watu hawawezi kuishi bila huo kuwa faradhi ya kutosheleza, inayowaelemea wote mpaka itimizwe na wa kutosha. Kwa kipimo hicho, kumfundisha fundi tabia ya zinki ni deni la jamii nzima. Lakini umaskini wa fundi hauwezi kulipwa kwa mapafu ya mtu maskini kuliko yeye. Unapunguza lawama zake. Haumwondolei wajibu wa kusema anachokijua.

Kutimiza dhima hiyo kunawezekana kwa vitu vilivyopo. Kwanza ni kuuliza kitu kinakwenda kufanya kazi gani. Kisichozidi joto la jua kinaweza kutengenezwa kwa bati la zinki na kupakwa rangi kwa utaratibu uliotajwa. Kitakachoguswa na moto hutengenezwa kwa chuma kisicho na zinki, au kwa chuma cha pua ikiwa mnunuzi ana uwezo. Chuma kitupu husafishwa kutu na mafuta, hupakwa rangi ya kuvumilia joto nyembamba nyembamba, upande wa nje pekee, na hupashwa moto taratibu mara ya kwanza nje ya nyumba bila chakula juu yake, kwa kuwa rangi hiyo hutoa moshi inapokomaa. Sehemu ya ndani inayoshika makaa haipakwi kitu. Jiko la bati na udongo lililoenea Kenya katika miaka ya 1980 lina somo lake: kikombe cha udongo hushika makaa, na joto kali halifiki kwenye bamba la nje kama linavyofika katika jiko la chuma kitupu. Huo ni usanifu uliotenda kile ambacho kopo la rangi haliwezi.

Palipobaki bati la zinki peke yake, mahali pa kukatwa na kuchomelewa huondolewa zinki kwa kusugua au kwa asidi, nje penye hewa na mbali na cheche, kwa kuwa asidi hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Kuiunguza zinki kwa moto uani, kama wafanyavyo baadhi, huhamishia moshi kwa majirani. Bati lenye rangi kuukuu isiyojulikana huhesabiwa kuwa na risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Halipigwi msasa mkavu wala halichomwi, na halifanywi jiko.

Linabaki suala la fundi aliyejifunza haya baada ya kuuza. Ujinga wake wa jana, ukiwa wa kweli, humwondolea dhambi ya jana. Tangu siku aliyojua, kila anayemfahamu kuwa ana jiko lake la zinki ana haki ya kuambiwa alitoe nje, asipikie ndani, na alirudishe akipenda. Ghazali anasimulia pia kwamba Ibn Sirin alipouza kondoo alimwambia mnunuzi ila ndogo kabisa, kwamba mnyama huyo huyasukuma malisho kwa mguu wake. Fundi aliyechelewa kujua hana nafasi ya kusema kabla ya kuuza. Anayo ya kusema baadaye, kwa wateja anaowakumbuka, na kwa anayefuata kusimama mbele ya kibanda chake akiulizia bei.